Nywele Zilizonasa Kwenye Mashine ya Kunyolea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nanyoa vichwa Mwanga, hapa Kigoma Mjini, na jioni kiti kikitulia nafungua mashine za wenzangu. Nyingi zinazoletwa zikiitwa "butu" au "imekufa" hazina ugonjwa wowote zaidi ya nywele. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na vinyozi wanaoanza, na akina baba wanaojinyoa nyumbani, na akina mama walionunulia watoto mashine ili kuokoa hela ya saluni. Nimeyapa namba ili nisirudie maneno.

## Mambo ya kuanzia

1. Nywele zinanasa wapi hasa? Mbona meno nikiyaangalia ni masafi?

Meno ndiyo sehemu ya mwisho kuonyesha uchafu, usiyaamini. Mashine ya kichwa ina visu viwili vilivyolaliana. Kikubwa hakitembei, ndicho kinachogusa ngozi. Kidogo kinapanda juu yake, kinakwenda kushoto na kulia. Nywele zikikatwa, nyingi zinaanguka begani kwa mteja, lakini nyingine zinaingia kwenye uwazi ulio kati ya visu na nyuma yake. Nywele zetu za kipilipili zikishakatwa hujikunja kama springi ndogo, na kipande cha namna hiyo hakitoki chenyewe. Juu yake linakuja vumbi la ngozi, jasho, mafuta ya nywele, na ile oili unayodondoshea kila siku. Mtetemo unavikanda vyote pamoja mpaka vinakuwa kama ukoko wa ugali: mweusi, mgumu, umekaa nyuma ya kisu kidogo na chini ya kiplastiki kinachokisukuma.

Mashine ya ndevu, ile ya wavu au ya vichwa vya duara, haitoi vipande. Inatoa unga. Ukiuona kwenye kiganja utadhani ni majivu ya sigara. Unga huo ni ndevu zilizokatwa fupi sana zikichanganyika na ngozi iliyokufa, na ukikutana na jasho la uso unashika kama udongo wa mfinyanzi.

2. Nitajuaje kama tatizo ni nywele, si ubutu wala mota?

Sikiliza, kisha gusa. Mashine iliyojaa huanza vizuri asubuhi, ikifika kichwa cha tatu au cha nne sauti inakuwa nzito na kisu kinachoma. Mashine butu ni mbaya tangu unapoiwasha: inasukuma nywele badala ya kukata, lakini sauti yake ni ileile ya siku zote. Mota inayokufa hulia kwa kupanda na kushuka, au inanuka waya ulioungua.

Kipimo cha haraka: zima, toa visu vyote viwili, washa kwa sekunde mbili tatu bila visu. Ikilia kwa wepesi, mota ni nzima na shida ilikuwa kwenye visu.

Mzee mmoja wa Gungu aliniletea mashine ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki kama samaki. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniambia, "Mwanangu, hii imekufa, nitafutie nyingine." Nikafungua skrubu mbili mbele yake. Nyuma ya kisu kidogo kulikuwa na kitu kinene kama gamba la mti, kina umbo la mashine kwa ndani, kikatoka kizima nilipokisukuma kwa ncha ya njiti. Mzee akakichukua, akakigeuza mkononi, akauliza hizo ni nywele za nani. Zilikuwa za wajukuu wake wote.

3. Nisafishe kila baada ya muda gani?

Kwa saluni: brashi kila baada ya kichwa, kufungua visu kila jioni. Kwa nyumbani, watoto watatu kila Jumapili, fungua mara moja kwa wiki ukishamaliza. Mashine ya ndevu ya mtu mmoja ikung'utwe kila unaponyoa na isafishwe vizuri kila wiki. Kama ndevu zako ni nzito au unanyoa ukiwa na jasho, usisubiri wiki.

4. Ninahitaji vifaa gani?

Bisibisi ndogo ya nyota, mswaki uliochakaa, pamba au kitambaa kisichotoa nyuzi, kibano cha nyusi, njiti za meno, spiriti na oili. Ongeza sinia au mfuniko wa ndoo wenye rangi nyeupe. Wengi wanaona huo ni urembo, lakini skrubu za mashine ni nyeusi na fupi, na sakafu ya saluni imejaa vitu vyeusi vifupi. Nimewahi kupekua takataka za siku nzima nikitafuta springi moja.

## Mashine ya kunyolea kichwa

5. Nafungua na kusafisha vipi, hatua kwa hatua?

Chomoa waya ukutani kwanza. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana mkono ukigusa swichi wakati vidole viko kwenye visu utakumbuka siku hiyo. Kwa mashine ya chaji, izime na uitoe kwenye chaja.

Piga picha visu kwa simu kabla ya kugusa skrubu, ubavuni na kwa juu. Picha hiyo itakuokoa kwenye swali la 6. Kisha geuza mashine, legeza skrubu mbili zinazoshika kisu kikubwa, na uweke kidole juu yake ili kisiruke. Kisu kikubwa kikitoka, kidogo kitafuata chenyewe. Kwenye mashine nyingi za chaji kuna springi nyembamba inayokikandamiza kisu kidogo. Itoe taratibu, iweke kwenye sinia, usiikunje.

Sasa anza kukavu. Maji au spiriti vikitangulia, nywele zinageuka tope na tope linakimbilia kwenye mota. Elekeza mdomo wa mashine chini, piga mswaki kutoka ndani kwenda nje, ukiigonga mashine kwenye kiganja kila mara. Ukoko uliogoma utoe kwa njiti ya meno, si kwa bisibisi, kwa sababu chuma kinakwaruza pale visu vinapoteleza. Kila jino la kisu lina kibonde chake. Pitisha mswaki kufuata meno, usiyakate kwa upande.

Visu vikishatoka nywele, vifute kwa pamba yenye spiriti mbele na nyuma mpaka pamba itoke safi. Utashangaa pamba ya kwanza. Acha vikauke kabisa, dondoshea oili (swali la 13), rudisha.

6. Nikirudisha visu nipange vipi?

Hapa ndipo watu wanapokata masikio. Meno ya kisu kidogo lazima yabaki nyuma ya meno ya kisu kikubwa, kiasi cha milimita moja au pungufu kidogo. Yakilingana, au kisu kidogo kikichungulia mbele, mashine haikati nywele tu, inakata na ngozi. Angalia pia mstari: ncha za visu viwili ziende sambamba, upande mmoja usizidi mwingine.

Kaza skrubu zote mbili nusu, panga kwa kidole gumba, kisha zimalizie kwa zamu, hii kidogo na ile kidogo. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, kisu kinakwenda mrama. Jaribu kwenye mkono wako upande wa ndani kabla ya shingo ya mtu. Vijana wanaotaka kuchonga mstari mkali husogeza visu mpaka vikaribie kulingana. Kama unajua unachofanya, sawa. Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kufungua, acha.

7. Nywele zimejisokota kwenye mhimili wa mota. Nizitoeje?

Hili linazipata sana mashine za chaji. Chini ya kile kiplastiki cheupe kinachokwenda huku na huku kuna mhimili mfupi unaozunguka, na nywele ndefu hujizungusha hapo kama uzi kwenye kibobini cha cherehani. Zikibaki, msuguano unaleta joto, joto linalegeza plastiki, na siku moja kisu kinasimama ilhali mota inalia.

Toa kiplastiki, shika ncha ya nywele kwa kibano na uzungushe mhimili kinyume kwa kidole. Zikiwa zimebana, zikate kwa wembe mpya ukielekea nje, kidogo kidogo. Usivute kwa nguvu.

8. Naweza kupuliza kwa mdomo? Au nipeleke kwa fundi pancha anipulizie?

Mdomo unatoa mate na unyevu, kisha nywele zinakurudia machoni. Upepo wa fundi pancha ni mkali mno: unachukua nywele zilizokuwa mlangoni na kuzisukuma hadi kwenye koili, na mara nyingi upepo huo una maji ndani yake. Pampu ya baiskeli ndiyo saizi yake. Mwelekeo uwe uleule, kutoka ndani kwenda nje.

9. Je, naweza kusafisha bila kufungua skrubu?

Unaweza kupunguza, huwezi kumaliza. Katikati ya siku, wateja wakiwa wamejipanga kwenye benchi, piga mswaki meno, gonga, tone moja la oili, endelea. Jioni fungua.

## Mashine ya ndevu

10. Yangu ni ya wavu. Naogopa kuutoboa. Nisafishe vipi?

Ogopa hivyohivyo. Wavu ni bati jembamba sana lenye matundu, na kazi yake ni kukaa kati ya shavu lako na visu vinavyokimbia. Ukijikunja au ukipata tundu, unaacha kuwa ngao. Bonyeza vitufe vya pembeni, nyanyua kichwa chote cha wavu, kigonge taratibu kwenye meza iliyotandikwa kitambaa, unga ushuke. Wavu wenyewe usiguswe na mswaki, wala kidole kisiukandamize. Mswaki laini ni wa visu vilivyo chini yake.

Ukiinua wavu kwenye mwanga wa dirisha utaona matundu yaliyoziba kama vidoa. Hayo yanatolewa kwa maji kama mashine yako inaruhusu (swali la 12), au kwa kuupangusa kwa pamba yenye spiriti bila kukandamiza.

11. Yangu ina vichwa vitatu vya duara. Nilivitoa vyote nikavichanganya, sasa hainyoi. Kwa nini?

Kwa sababu kila kisu kimesagana na kofia yake kwa miezi, kila kimoja kikamzoea mwenzake kama kinu na mchi. Ukibadilisha, nyuso hazilali sawa na ndevu zinapita katikati. Jaribu kuvirudisha kwenye jozi zake za mwanzo kama unazitambua. Kama huzitambui, endelea kutumia. Baada ya muda huenda vikazoeana upya, lakini siku za mwanzo uso utakudai.

Safari nyingine fungua kichwa kimoja, kisafishe, kirudishe, ndipo ufungue cha pili. Mtindo huu wa vichwa vya duara ulianza na Philips mwaka 1939 ukiwa na kichwa kimoja tu. Mwenye mashine ya zamani hiyo hakuwa na cha kuchanganya.

12. Inaruhusiwa kuoshwa kwa maji?

Angalia ubavuni au chini ya mashine. Ukiona mchoro wa bomba linalotiririka, kichwa kinaoshwa. Ukiona maandishi IPX7, mashine imepimwa kukaa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Bila alama yoyote, chukulia hairuhusiwi. Na mashine yoyote ya waya wa ukutani haioshwi kamwe, hata mwenye duka akiapa.

Ukiosha, tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya maji, halafu suuza. Hapa Kigoma kuna jambo moja zaidi. Maji ya ziwa letu yana madini na yana asili ya magadi. Yakikaukia kwenye chuma yanaacha ukungu mweupe, ule uleule unaouona kwenye birika. Kwenye wavu ukungu huo unaziba matundu tuliyotoka kuyafungua. Suuza ya mwisho ifanyike kwa maji ya mvua kama unayo, au kung'uta na ufute mara moja, usiache ikauke yenyewe. Kisha weka tone la oili, kwa sababu sabuni imeondoa yote.

## Oili

13. Oili gani, na kiasi gani?

Oili nyepesi ya madini: ile inayokuja na mashine kwenye kichupa, au oili ya cherehani, inayopatikana kwa mafundi cherehani na maduka ya vipuri vyao. Matone mawili au matatu kwenye meno, moja kila kona ya nyuma ambako visu vinasuguana. Washa sekunde 10, zima, futa iliyozidi. Oili nyingi kupita kiasi ni gundi ya kukusanyia nywele za kesho.

Spiriti inaondoa oili, kwa hiyo utaratibu haubadiliki: nywele, spiriti, kukauka, oili. Ukimaliza na spiriti ukaenda kulala, asubuhi utakuta visu vikavu, na msimu wa mvua kutu haina subira.

14. Mawese je? Yapo tele na bei yake ni nafuu.

Naulizwa hili kuliko maswali yote, na siwezi kumcheka anayeuliza kwa sababu niliwahi kulifanya.

Nilikuwa najifunza kazi Ujiji, chupa ya oili ikaisha, jikoni kwa mama mwenye nyumba kulikuwa na mawese. Nikadondoshea. Siku hiyo mashine ilikwenda kama imepakwa asali, nikajiona mjanja kuliko mwalimu wangu. Ilikuwa mwezi wa saba, asubuhi zile za baridi ambazo wavuvi wanarudi wakiwa wamejifunika makoti. Kesho yake mawese yalikuwa yameganda ndani ya visu, kama yanavyoganda kwenye chupa na kuacha tabaka zito chini. Nikawasha, mashine ikaguna, ikanyamaza. Mwalimu akafungua, akanusa, akaniuliza kama nimeanza kupika migebuka humo.

Kuganda ni nusu ya shida, maana likitoka jua mawese yanayeyuka. Nusu ya pili ndiyo mbaya. Mafuta ya kula yakikaa hewani kwa siku kadhaa yanakuwa mazito na yanashika, kama pembeni ya karai la kukaangia lisilooshwa. Nywele zikiingia kwenye ute huo, mswaki hauzitoi. Alizeti ni hivyohivyo, hata nazi ni hivyohivyo. Mafuta ya kujipaka ya mgando yana asili ya madini lakini ni mazito, yanakusanya nywele.

Ukishaweka, usikate tamaa. Fungua visu, viloweke kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni ya vyombo kwa dakika 10, visugue, vikaushe palepale, spiriti, oili. Visu tu, si mashine.

15. Mafuta ya taa au petroli ya kuoshea visu?

Petroli hapana, kabisa: mvuke wake unashika moto na cheche ya mota inatosha. Mafuta ya taa yanayeyusha ukoko wa oili, na mafundi wa zamani waliyatumia. Ukilazimika, iwe kwa visu vilivyotolewa kwenye mashine, uwanjani, mbali na jiko, na uvioshe kwa sabuni baadaye ili visimchome mteja. Kwangu mimi maji ya moto na sabuni yanatosha.

## Usafi na ngozi

16. Kwa nini nitoe nywele kabla ya spiriti? Spiriti si inaua kila kitu?

Inaua inachokigusa. Vijidudu vilivyo chini ya ukoko wa nywele na ngozi havioni spiriti yako. Ndiyo maana mwenye saluni anayepuliza dawa juu ya meno machafu mbele ya mteja anacheza ngoma tu.

Spiriti ya asilimia 70 hufanya kazi vizuri kuliko iliyo kali zaidi. Maji yaliyomo huisaidia kupenya na huifanya isikauke upesi. Acha kisu kibaki kimelowa kama dakika moja, usipanguse palepale. Kumbuka pia damu: virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa angalau siku 7, kwa hiyo mkwaruzo mdogo wa jana si jambo la jana. Kisu kilichotoa damu kitoe, kioshe kwa sabuni, ndipo kiingie kwenye dawa. Ukiwa na seti ya pili ya visu, kazi haisimami.

17. Mtoto alipata mapunye baada ya kunyolewa. Mashine ndiyo sababu?

Inawezekana, ingawa kofia, kitana na mto wa kulalia navyo vinaambukiza. Mapunye, wengine huita mashilingi, ni fangasi, na hukaa ndani ya vipande vya nywele vilivyokatika. Kipande hicho kikinasa kwenye mashine, mtoto anayefuata anapokea. Vitana vya namba, vile vya plastiki vinavyovikwa kwenye visu kupima urefu wa nywele, navyo tunavisahau: vina pembe nyingi za kuficha nywele, navyo havina umeme, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kutoviosha kwa sabuni.

Mtoto apelekwe zahanati. Fangasi wa kichwani kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza, kupaka peke yake hakutoshi. Vitunguu saumu na majivu ya betri acheni.

18. Jiki, kuchemsha, au kuchoma kwa moto?

Jiki inaua vijidudu, na inakula chuma: kisu kitaota kutu kwenye meno upesi. Kuchemsha visu vya chuma kunaleta kutu pia usipovikausha haraka, na ukichemsha kichwa chenye plastiki utatoa kitu cha umbo jipya. Kuna wanaopuliza spiriti na kuwasha kiberiti, moto unaruka juu ya mashine, wateja wanapiga makofi. Nywele zilizonasa zinaungua juu juu, majivu yanashuka ndani, na chupa ya spiriti iko mezani pembeni. Usifanye.

## Hali zisizo za kila siku

19. Nanyoa wavuvi Kibirizi. Visu vyangu havimalizi miezi miwili. Kwa nini?

Mchanga. Mtu aliyeshinda anaanika dagaa ana mchanga kwenye nywele hata kama huuoni, na punje moja kati ya visu viwili inafanya kazi ya msasa. Hakuna usafi wa jioni unaoweza kurudisha chuma kilichokwaruzwa mchana. Weka ndoo na kopo nje, kila kichwa kioshwe na kikauke kabla ya kukaa kitini. Wakikataa, pitisha kitana cha meno membamba kwanza, uone kinachodondoka kwenye shuka.

20. Naombwa kunyoa mtoto mchanga wa siku saba kwa ajili ya akika. Mashine inafaa?

Nywele za mtoto mchanga ni laini sana, zinateleza kati ya visu badala ya kukatwa, na uchafu kidogo tu nyuma ya kisu unavitenganisha visu kiasi cha kuzikamata na kuzivuta. Fanya usafi wote wa swali la 5 siku hiyohiyo, si jana yake. Hakikisha spiriti imekauka, oili imefutwa, na kisu hakijapata joto. Utosi usiukandamize. Wazee wengi Ujiji bado wanataka mkasi au wembe wa mtu mzoefu, nami sijawahi kubishana nao.

21. Ndugu yangu alinitumia mashine kutoka Marekani. Nimeisafisha, bado inapiga kelele kama trekta.

Hiyo si nywele. Marekani umeme ni volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde, na kila mzunguko unakipiga kisu mara mbili), kwetu ni volti 230 na hezi 50. Mashine za waya zenye sumaku na koili zinafuata mapigo ya umeme: kwao kisu kinapiga mara 7,200 kwa dakika, kwetu 6,000. Ukiichomeka moja kwa moja itaungua. Ukitumia transfoma ya kushusha volti, hezi hazibadiliki, ndiyo maana inaguna.

Kama ni mashine iliyotengenezwa kwa umeme wetu na inagonga, tafuta skrubu moja ubavuni. Izungushe taratibu mpaka igonge zaidi, kisha irudishe kidogo mpaka sauti itulie. Skrubu hiyo hurekebisha nguvu ya mpigo.

22. Nimesafisha, nimepanga, nimeweka oili, bado inang'ata.

Fuata mpangilio huu. Kwanza rudi kwenye picha ya swali la 5 uone kama kisu kidogo umekigeuza. Pili, pitisha kucha juu ya kila jino. Jino lililovunjika ndilo linalovuta. Tatu, kata kipande cha pamba kwa mashine hiyo: mahali ambapo pamba inabaki kama uzi, jino la hapo halikati. Likiwa limevunjika, kisu kibadilishwe. Kwa mashine za ndevu, watengenezaji wengi wanashauri kubadilisha wavu au vichwa kila mwaka mmoja hadi miwili, hata kama unavisafisha vizuri.

23. Fundi anasema ataninolea visu kwa msasa. Nikubali?

Mwulize kwanza kama amevifungua na kuvisafisha. Akisema hapana, chukua mashine yako. Visu vya mashine vina bonde dogo sana katikati ya uso, ili vigusane kwenye ncha na nyuma tu. Msasa ukisuguliwa kwa mkono unalifuta bonde hilo, kisu kinakuwa bapa, na nywele zinapata mahali pazuri zaidi pa kulala.

24. Imelowa mvua nikiwa kwenye bodaboda. Niiwashe nione kama ipo hai?

Usiwashe. Toa visu, fungua kasha kama unaweza, ielekeze mdomo chini kivulini penye upepo kwa siku mbili. Juani plastiki inapinda. Nywele zilizobaki ndani hushika maji kama sifongo, kwa hiyo mashine iliyokuwa safi kabla ya mvua hukauka mapema kuliko ile uliyokuwa ukiahirisha kuifungua. Visu vifute na uvipake oili saa hiyohiyo, hivyo havisubiri.